Mama Mkwe na Barua ya Kumtukana Hakimu

Kama wiki iliyopita hukusoma ukurasa huu, hukukosa kitu isipokuwa aibu yangu. Nitaifupisha: nilikwenda kujitambulisha kwa mama wa mchumba wangu, nikakaribishwa, nikakaa, na nilichokalia kilikuwa miwani yake.

Kazi yangu ni kukata vioo vya miwani. Cheka tu, mimi nilishalia.

Leo nakupa yaliyofuata. Ila huwezi kuyaelewa mpaka nikiri jambo nililolificha wiki zote hizi. Mimi ndiye Hakimu.

Kama huchezi gemu la Ngumi na Radi kwenye simu, jina hilo halikuambii kitu. Wanaolicheza wananijua. Gemu lina wapiganaji arobaini na wawili. Unachagua wako, unapambana na mtu usiyemjua, popote alipo. Kila Ijumaa mimi hutoa orodha mtandaoni: nani moto, nani wa kawaida, nani takataka. Watu elfu sitini huisubiri kama matokeo ya mtihani. Nikimsifu mpiganaji Ijumaa, Jumamosi kila mtu anamtumia. Nikimponda, anaoza kwenye simu za watu.

Uso wangu hawaujui. Mchana nasaga vioo chumba cha nyuma cha duka la miwani, aproni imejaa vumbi jeupe, na bosi wangu ananiita "wewe".

Sasa basi. Miezi mitatu iliyopita nilimpa daraja mpiganaji mmoja anayeitwa Dobi. Jibaba zima, linapigana kwa shuka lililoloa maji. Mwendo wake ni wa kabati linalosukumwa na watu wawili waliogombana. Nilimjaribu mara sita, nikapigwa mara tano, nikaandika hivi: "Dobi ni takataka. Anayemtumia afuliwe yeye."

Watu walicheka wiki nzima. Kuna waliochapisha maneno hayo kwenye fulana.

Hayo ndiyo maneno yaliyoniharibia maisha.

*

Jumamosi mchana nilimpelekea mama miwani mipya. Nilikuwa nimeikata kwa mikono yangu, nikaisafisha mara nne.

Mama ni mstaafu. Miaka thelathini na mmoja alikuwa opereta wa simu, enzi zile za kuchomeka waya ili fulani aongee na fulani. Siku hizi goti lake limefanyiwa upasuaji, kwa hiyo anashinda kwenye kochi, mguu juu ya stuli, mto chini ya mguu, na mkongojo karibu kama wa kunitandikia mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kabla hujakaa, tazama."

Nikatazama. Nikakaa. Nikamkabidhi miwani kwa mikono miwili.

Aliivaa. Akanitazama kuanzia kwenye viatu mpaka kwenye nywele, bila haraka.

"Kumbe miwani ya zamani haikuwa na kosa," alisema. "Ndivyo ulivyo."

Mchumba wangu alikuwa anakunja nguo mezani. Aliuma midomo asicheke. Yeye kazi yake ni kupiga watu picha za mifupa hospitalini, na kusema kweli hata akiwa nyumbani anakutazama kama anaona mpaka mbavu.

"Wewe unajua mambo ya simu?" mama aliniuliza.

"Kidogo, mama."

"Unamjua mpumbavu mmoja anaitwa Hakimu?"

Chai niliyokaribishwa ilinipalia. Ilitoka na puani.

Mchumba wangu aliacha kukunja nguo. Yeye anajua. Ndiye mtu pekee duniani anayejua kwamba Hakimu ni mimi.

"Nimemsikia," nilisema nilipopata sauti.

"Mimi nimemsikia zaidi," alisema mama. Akatoa simu chini ya mto. Kwenye kioo kulikuwa na Dobi, amesimama na shuka lake, amepambwa kwa kila pambo ambalo gemu linatoa. Dobi mwenye kilemba cha dhahabu. Dobi mwenye viatu vya moto. Sijawahi kuona mpiganaji aliyependwa vile.

"Tangu nifungwe huu mguu," mama alisema, "mlango huu unafunguliwa na watu watatu. Binti yangu, mtu wa maziwa, na wewe mvunja miwani. Rafiki yangu tuliyefanya naye kazi ndiye aliyenifundisha gemu hili. Nikalipenda. Nikampenda huyu hapa. Nikawa naingia uwanja wa Watatu Watatu, napewa wenzangu wawili, tunacheza, tunataniana, siku inakwisha. Halafu huyo Hakimu akaandika upuuzi wake. Sasa nikimchagua Dobi tu, wenzangu wanatoka mmoja mmoja kama mtu kajamba kwenye lifti."

"Mama!" binti yake alisema.

"Nimesema uongo? Jana nimeachwa mara kumi na saba. Wengine wanaandika kabisa, 'bibi kafuliwe.' Wamejuaje mimi ni bibi?"

Nilitazama kikombe.

"Chukua simu," alisema. "Mimi naandika polepole. Nataka umwandikie huyo mtu barua. Mimi nasema, wewe andika. Usipunguze."

*

Msomaji wangu, umewahi kujitukana kwa imla?

"Wewe Hakimu," mama alianza. "Mwenye ubongo wa dagaa."

Nikaandika.

"Umeandika dagaa?"

"Nimeandika, mama."

"Weka mkavu. Dagaa mkavu. Mtu anayemhukumu mwenzake kwa mapambano mawili matatu hafai kuhukumu hata mashindano ya kukimbia na magunia. Inaonekana mama yako alikuzaa akiwa na haraka."

Mama yangu mzazi, mtu wa watu, mpole. Nikaandika.

"Umemaliza, mama?" nikauliza.

"Bado. Andika: ningekupata hapa ningekufundisha maana ya takataka. Tuma."

Nikatuma.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni.

Mama akainua kichwa. Kumbuka, masikio yale yalikuwa yanasikiliza milio ya simu tangu mimi sijazaliwa.

"Pokea," alisema.

"Si muhimu, mama."

"Imelia ulipotuma."

"Itakuwa bosi."

"Jumamosi?"

"Hana dini wala sikukuu yule," nilisema.

Mama alinitazama kwa miwani niliyomkatia mwenyewe, na nilijuta kwa nini niliikata vizuri vile.

Jikoni, mchumba wangu alinishika kola.

"Mwambie."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Baada ya harusi."

"Mwambie leo. Mimi sitamwambia, hilo ni jambo lako. Lakini usinifanye nimkodolee mama yangu macho kila anapokutaja. Mimi sijui kudanganya, natoka vipele."

Na kweli shingo yake ilikuwa imeshaanza kuwa nyekundu.

Nilirudi sebuleni nimejipanga kusema. Naapa nilikuwa nimejipanga. Nikafungua mdomo, na mama akasema:

"Una gemu hilo kwenye simu yako? Basi keti hapa tucheze. Mmoja asiyenikimbia atatosha."

*

Ninayo akaunti ya pili, ya majaribio, inaitwa Kioo. Nikaingia nayo. Wa tatu alikuwa yule rafiki yake, opereta mwenzake wa zamani, ambaye wote wanamwita Mama Laini kwa sababu kazini alikuwa anawajibu watu wote "laini ina shughuli", hata wakubwa. Alijiunga akiwa kwake, sauti ikitoka kwenye spika.

"Nani huyo Kioo?" aliuliza.

"Mkwe," mama alijibu.

"Yule aliyekalia miwani?"

"Huyohuyo."

"Shikamoo mama," nikasema kwenye simu.

"Marahaba. Usikalie simu."

Hapa nikueleze kidogo, wewe usiyecheza. Gemu hili lina viwanja viwili vya mashindano. Kimoja ni Ana kwa Ana: wewe na adui yako, sekunde sitini, basi. Cha pili ni Watatu Watatu: timu ya watu watatu, mnaingia kwa zamu, mmoja akianguka mwenzake anaendelea na maadui kama walivyoachwa. Orodha yangu yote, kila Ijumaa ya Mungu, nilikuwa naiandika kwa Ana kwa Ana. Huko ndiko kwenye vyeo, huko ndiko kwenye sifa. Watatu Watatu nilikuwa nauita uwanja wa watu wanaotafuta mtu wa kumlaumu. Sikumjaribu Dobi huko hata mara moja.

Mara sita, na zote Ana kwa Ana. Nakiri.

Mama akaingia wa kwanza na Dobi. Alipigwa. Alipigwa sana. Lakini vidole vya yule mama! Kila alipopigwa, shuka nalo lilitua mahali, na maji yakawarukia hata wenzake adui waliokuwa kando wakisubiri zamu. Pwaa. Pwaa. Adui hakuumia, aliloa tu. Dobi akaanguka.

"Haya mkwe," mama alisema. "Ingia na Radi."

Radi ni mpiganaji wa umeme. Kwenye orodha yangu anakaa katikati, si moto wala si takataka. Nikaingia. Adui alikuwa bado anachuruzika maji. Nikamgusa mara moja.

Alilipuka.

Alikwenda chini kama gunia lililokatwa kamba. Akaja wa pili wao, naye Dobi alikuwa ameshamlowesha kabla. Akalipuka. Akaja wa tatu.

"Mama," nilisema, "amelowa."

"Bila shaka amelowa. Dobi kazi yake nini?"

Tulishinda mapambano kumi na moja mfululizo. Mama Laini hakuhitajika. Alikaa kwenye spika anasifu na kutafuna kitu.

"Huyo Hakimu wako," nilisema, "nadhani alimpima Ana kwa Ana."

"Ndiyo maana ni mpumbavu," mama alisema. "Huyu hakuletwa duniani ashinde. Analowesha, anayekuja nyuma ndiye anashinda. Mimi miaka thelathini na mmoja sikuongea na mtu kitu cha maana kwenye simu. Nilikuwa nasema 'subiri nikuunganishe', basi. Ungenipima kwa maongezi yangu ungesema yule mwanamke bubu. Lakini nikiumwa siku moja, mji mzima hausemezani."

Mama Laini akaitikia kwenye spika: "Mji mzima!"

Niliondoka. Kwenye ngazi mchumba wangu aliniuliza, "Umemwambia?"

"Nimejifunza kitu," nilisema.

"Sikukuuliza hilo."

*

Ijumaa nilitoa orodha mpya. Kwa mara ya kwanza niliigawa mbili: moja ya Ana kwa Ana, moja ya Watatu Watatu. Kwenye ya kwanza Dobi alibaki chini. Kwenye ya pili nilimweka juu kabisa, peke yake, na Radi kando yake. Nikaandika: "Nilimpima mahali pasipo pake. Nilikosea."

Niliona ni ujasiri mkubwa sana. Mtu mzima nimekiri kosa mbele ya watu elfu sitini. Sikumkiria mtu mmoja aliyenihusu, lakini siku ile hilo sikuliona.

Matusi yalikuja kwanza. "Hakimu kahongwa." "Hakimu kauza akaunti." "Hakimu kazeeka." Kufikia saa sita wakaanza kujaribu. Kufikia jioni wakanyamaza. Kufikia Jumapili, kila timu ilikuwa na Dobi. Uwanja mzima ulikuwa unachuruzika.

Jumamosi, siku moja tu baada ya orodha, nilipokwenda kwa mama, nilikuta amevaa kitenge kipya na kupaka wanja.

"Amenisikia!" alisema kabla sijamwamkia. "Hakimu amesoma barua yangu! Amebadilisha!"

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu! Keti popote!"

Keti popote. Umesikia? Mwanangu. Na keti popote.

"Ile barua uliiandika vizuri," aliendelea. "Ile dagaa mkavu ndiyo iliyomgusa. Leo asubuhi tu nimeombwa na timu tisa. Tisa! Kuna mmoja kaniita Malkia wa Ufuaji. Nimemwambia Mama Laini, mkwe wangu ana mkono wa kuandika."

Mchumba wangu alikuwa mlangoni. Shingo yake ilikuwa nyekundu mpaka masikioni. Alinionyesha kwa kidevu: sema.

Na hapa ndipo ninapotaka unihukumu, kwa sababu mimi mwenyewe sijapata adhabu inayonitosha. Nilikuwa na nafasi nzuri kuliko zote. Mama amefurahi, amenisifu, ameniita mwanangu. Ningesema pale pale, labda angecheka. Lakini nilikuwa sijaitwa mwanangu na mtu yeyote kwenye nyumba ile, na ilikuwa tamu.

"Ni maneno yako, mama," nilisema. "Mimi nilishika simu tu."

"Na mnyenyekevu!" mama alimwambia binti yake.

Binti yake aliingia chumbani akafunga mlango.

*

Jumatano mama alitusajili kwenye mashindano ya Jumamosi. Watatu Watatu, ukumbini, uso kwa uso na watu: yeye, Mama Laini na mimi. Jina la timu, Opereta. Hakuniuliza.

Alhamisi watengenezaji wa gemu wakatoa tangazo.

Nilikuwa kwenye mashine, nasaga kioo cha mzee mmoja mwenye macho mabovu kuliko dhamiri yangu. Simu ikaita. Mama.

Hakusalimu wala hakuuliza habari. Alisema neno moja tu.

"Wamemkausha."

"Nini, mama?"

"Dobi. Wamemkausha. Wameandika kwamba ametumika kupita kiasi tangu orodha ya Ijumaa, kwa hiyo kuanzia leo, Dobi akitoka uwanjani tu, waliolowa wote wanakauka. Papo hapo. Sasa ana faida gani? Mtu mnene na shuka?"

Kioo kiliniponyoka kwenye mashine. Kikapasuka vipande vitatu. Bosi akasema "wewe!"

Nilitaka kumfaa Dobi, nikamuua. Nilipomponda, alibaki na makali yake, mama mmoja na mguu wake kwenye stuli anajua siri yake. Nilipomsifu, dunia nzima ikamkimbilia, na wenye gemu wakamkata kucha. Hiyo ndiyo huruma ya Hakimu.

"Na huyo Hakimu," mama alisema, sauti imeshuka, na hiyo ya chini ilinitisha kuliko ile ya dagaa, "nilimwomba asimtukane. Nani alimwambia amtangaze?"

"Pole sana, mama."

"Jumamosi nitampanga Dobi hivyo hivyo. Akianguka, aanguke na watu wake."

*

Mashindano yalikuwa ghorofa ya tatu ya duka la samani. Wachezaji walikaa kwenye masofa yenye nailoni ambayo hayajauzwa, na ukisogea kidogo nailoni inalia kama unajisaidia. Mbele kulikuwa na skrini kubwa kuliko mlango. Lifti ilikuwa imekufa.

Mama alipanda ngazi zote. Ngazi arobaini na nne, nilizihesabu kwa sababu alizipanda moja moja: mkongojo, mguu mzima, mguu mgonjwa, pumzi. Nilitaka kumshika, akaniambia nimshike Mama Laini, ambaye hakuwa na tatizo lolote. Mchumba wangu alibaki chini kutafuta maji ya kunywa.

Mwandikishaji alikuwa dada mmoja mwenye kucha ndefu, na kompyuta ya mkononi. Aliandika akaunti ya mama, sawa. Ya Mama Laini, sawa. Akafika kwangu.

"Kioo," alisoma. "Kaka, hii ina cheo cha shaba. Hapa tunapokea kuanzia fedha. Una akaunti nyingine?"

"Sina," nilisema.

"Basi timu imetoka. Lazima muwe watatu. Poleni sana. Anayefuata!"

Mama Laini akaanza kubishana. Alimwambia yule dada kwamba yeye amewahi kumkatia simu waziri. Haikusaidia.

Mama hakubishana. Alisimama kidogo, ameshika mkongojo kwa mikono miwili, anatazama ile skrini na watu waliojaa ukumbini. Jasho lilikuwa bado halijamkauka kwenye paji la uso.

"Haya," alisema taratibu. "Nisaidieni kushuka."

Arobaini na nne kupanda, arobaini na nne kushuka. Kwa ajili ya nini? Ili mimi niendelee kuitwa mwanangu.

"Dada," nilisema. "Ninayo nyingine."

Nikampa simu. Nilimsukumia mpaka ikagusa kucha zake, akadhani namharakisha.

"Ngoja basi, kaka. Akaunti..." Kucha zikagonga kioo. "Hakimu."

Akainua uso.

"Hakimu? Hakimu *yule*?"

Na kwa kuwa kompyuta yake ilikuwa imeunganishwa na skrini, jina langu likatokea mbele ya ukumbi mzima, herufi ndefu kama mlango wa gereji. TIMU YA TATU: OPERETA. Jina la mama. Jina la Mama Laini. HAKIMU.

Nailoni zote zililia kwa pamoja. Watu walisimama.

"Ndiye huyu?"

"Mbona mwembamba hivi?"

"Wewe! Umetukaushia Dobi!" mmoja alipiga kelele kutoka nyuma. Mwingine alitaka tupige picha. Mwingine alikuwa amevaa ile fulana, na alinyoosha kidole kwenye kifua chake mwenyewe kwa furaha: afuliwe yeye, afuliwe yeye.

Mama Laini alinitazama, akamtazama mwenzake, akasema polepole, "Kumbe tulimwandikia dagaa mkavu kwa mkono wa dagaa mwenyewe."

Mama aligeuka na mkongojo wake. Alitembea mpaka kwenye sofa letu, akakaa, akanyoosha mguu. Akapigapiga nafasi iliyo kando yake. Nikakaa. Nilitazama kwanza, nikakaa.

"Mama, mimi..."

"Nyamaza."



Alikuwa anatazama mbele. Sauti ilipotoka ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa.

"Nakuuliza swali moja. Binti yangu anajua?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mkongojo. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kufukuzwa, kwa kila kitu. Hilo sikulijiandalia.

Nikisema ndiyo, namtia binti matatani kwa mama yake, kwa siri ambayo hakuitaka na ambayo ilimtoa vipele. Nikisema hapana, namdanganya tena mwanamke niliyekwisha kumdanganya wiki mbili mfululizo, tena uso kwa uso, tena baada ya kukamatwa.

"Hapana, mama," nilisema. "Hajui chochote. Hili ni langu peke yangu."

Akavuta pumzi ndefu. Bega lake lilishuka, nililiona. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue. Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu.

"Vizuri," alisema. "Basi nina mtu mmoja tu wa kumsamehe. Mmoja namuweza."

Macho yangu yalijaa maji. Sioni haya kusema.

Hapo hapo mchumba wangu akatokea juu ya ngazi na chupa nne za maji kifuani. Akaona skrini. Akaona jina. Akaona mkono wa mama yake juu ya mkono wangu, na uso wake wote ukafunguka kama dirisha.

"Hatimaye!" alisema, huku akija mbio, akicheka kwa raha ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Hatimaye umemwambia! Mama, huyu mtu nimemsukuma wiki mbili, mwambie mama, mwambie mama, mpaka nimetoka vipele..."

Aliona uso wangu. Akasimama.

Mkono wa mama ulitoka juu ya wangu, kidole kimoja kimoja.

"Timu ya tatu," mwamuzi aliita kwenye kipaza sauti, "chagueni wapiganaji. Sekunde thelathini."

Mama Laini akachagua haraka haraka, anatazama chini. Mimi nikabonyeza, mpaka leo sijui nilimbonyeza nani. Kwenye skrini ikabaki nafasi moja tupu, jina la mama, na namba zinashuka. Ishirini na sita. Ishirini na tano. Ukumbi mzima ukaanza kuzihesabu kwa sauti.

Mama aliigeuza simu yake kifudifudi juu ya nailoni. Akamtazama binti yake.

"Rudia," alisema. "Hapo uliposema wiki mbili."